Ukurasa wa 612: Asiye na Kipaji

Jumatatu, 4 Novemba

Nimo ndani ya kamusi. Si kwa jina, jina wangekosa ujasiri. Lakini nimo, ukurasa wa 612, safu ya kushoto, na nimeanikwa.

Nieleze kwa utaratibu. Ofisi yetu inatengeneza kamusi ya Kiingereza na Kiswahili kwa ajili ya shule. Mimi ni msahihishaji wa chapa. Kurasa zikishapangwa huletwa kwangu, nami nawinda makosa kwa kalamu nyekundu. Miaka kumi na mmoja nawinda. Leo saa nne asubuhi nikafika kwenye neno untalented. Limekaa kati ya neno la kitu kisichotiwa doa na neno la mnyama asiyefugwa. Maana yake: asiye na kipaji. Sawa. Nukta ipo mahali pake. Chini yake mfano wa matumizi, Kiingereza kwanza, kisha Kiswahili: "Jirani yetu ni mpiga tarumbeta asiye na kipaji, lakini hupiga kila jioni."

Nilisoma mara tatu. Hakuna kosa hata moja la chapa!

Mpiga tarumbeta ni mimi. Nani mwingine? Nilinunua tarumbeta yangu nilipotimiza miaka arobaini, na sasa ni mwaka wa sita napiga kila jioni baada ya chai, dirisha wazi ili watu wafaidi. Na aliyeandika mfano huo ni Bwana U. Hapa ofisini kila mtunzi amepewa herufi zake, na tumezoea kuitana kwa herufi kuliko kwa majina. Bwana U ni mrefu, mpole, haongei sana, na meza yake imegusana na yangu. Jirani! Tena mwezi wa sita alikuja kwangu kuleta kurasa, akanikuta napiga, akakaa hadi mwisho. Wakati wa kuondoka alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia, "Hongera ndugu yangu, una pumzi." Nikamwongezea chai. Kumbe alikuwa ananichukua vipimo.

Nakala elfu arobaini. Shule ya binti yangu ni ya kwanza kwenye orodha. Darasa zima litafungua ukurasa wa 612, litasoma, litageuka kumtazama mtoto wangu. Kurasa za T na U zinakwenda kiwandani Ijumaa saa sita mchana. Nina siku nne za kujitoa humo.

Jioni sikupiga. Sikuwa na moyo. Mama mkwe wangu, ambaye anaishi nasi na masikio yake yamechoka, alikaa kwenye kiti chake kunisubiri kama kawaida. Nilishika tarumbeta tu mapajani nikaitazama. Baada ya nusu saa mama akapiga makofi, akasema, "Mwanangu, leo umewapita hata wa redioni." Huyu ndiye mtu pekee katika nyumba hii anayejua muziki.

Jumanne, 5 Novemba

Mpango wa kwanza: neno lenyewe liondolewe. Neno likiondoka, mfano utakaa wapi?

Nilikwenda kwa Mama Mhariri, ambaye ndiye mkuu wetu. Mfupi, miwani miwili, mmoja usoni na mmoja kichwani, na hakuna mtu aliyewahi kumdanganya akafika mchana. Nilianza kwa kumvika kilemba cha ukoka. Nikamsifu kwa miwani mipya. Akasema ni ya zamani, anayo tangu mwaka wa kwanza nilioajiriwa. Nikaona niingie moja kwa moja. Nikasema neno lile la ukurasa wa 612 halina kazi shuleni, ni kali, litawaumiza watoto, na tena linafanana mno na neno jingine la kutokuwa na ujuzi. Akaniuliza tangu lini naumia kwa ajili ya watoto. Kisha akaniambia niandike hoja zangu kwenye karatasi.

Nikaandika! Kurasa nne, tangu saa tatu hadi saa saba, bila kunyanyuka. Naziandika hapa kwa ufupi kwa faida ya vizazi. Kwamba neno hili husemwa kwa mtu, si kwa kitu. Huwezi kusema tarumbeta haina kipaji, lawama ni ya mpigaji peke yake. Kwamba asiye na ujuzi hufundishwa, akawa nao, lakini asiye na kipaji hana dawa. Kwamba ni neno la kuumiza, ndiyo maana waungwana hulizunguka, wakasema kipaji cha fulani si kikubwa sana, na hulitamka lenyewe fulani akishatoka chumbani. Kwa hiyo lifutwe. Nikapiga mstari chini ya neno lifutwe. Mistari miwili.

Saa tisa Mama Mhariri akaita ofisi nzima. Akasoma kurasa zangu kwa sauti, zote nne. Akasema katika miaka yake yote hajaona msahihishaji aliyelifikiria neno moja kwa kina hivi. Watu wakapiga makofi. Bi V alinipigia kigelegele kidogo. Niliinuka nikainama kama mtu aliyemaliza onyesho.

Kisha Mama Mhariri akasema hoja nzuri kama hizi haziwezi kuozea kwenye faili. Ataziweka kwenye ukurasa, ndani ya kisanduku chenye kivuli, kichwa chake "Angalia Matumizi". Picha ya fundo la kamba iliyokuwa hapo itaondolewa kupisha. Na kwa kuwa kisanduku hakikai bila mifano, Bwana U ataongeza mingine miwili kufikia kesho, na ili mwanafunzi asichanganyikiwe, mpiga tarumbeta abaki yuleyule.

Nimeingia kufuta mfano mmoja, nimetoka na mitatu. Na kisanduku. Chenye kivuli!

Jumatano, 6 Novemba

Mifano mipya imekuja. Bwana U aliileta mwenyewe mezani kwangu, kwa mkono, akitabasamu. Nainakili kama ilivyo.

Wa kwanza: "Mpiga tarumbeta yule hana kipaji, lakini mtaani hakuna mwenye furaha kumshinda."

Wa pili: "Si uungwana kumwita mtu asiye na kipaji mbele ya watoto wake."

Watoto wake! Sasa ameingiza na damu yangu. Halafu, kwa uso mkavu kabisa, akaniuliza kama tarumbeta yangu haijambo. Nikamjibu haijambo, inamsalimia. Akafurahi kweli, akasema nayo niisalimie. Sijawahi kukutana na mtu mwenye roho ngumu namna ile.

Mpango wa pili: ushahidi. Mfano unasema sina kipaji. Nikileta cheti kwamba ninacho, mfano ni uongo, na kamusi haichapi uongo. Saa kumi na nusu nikaenda kwa mwalimu wa muziki anayefundisha kwenye chumba cha juu ya duka la vifungo na nyuzi. Bibi mmoja mwembamba, mwenye sweta, anayezungumza polepole. Nikamwambia nahitaji karatasi ya kuthibitisha kipaji. Akaniuliza nimejifunza kwa nani. Nikamwambia sikujifunza, ndiyo maana nakiita kipaji. Akainuka akafunga dirisha. Nikadhani ni kwa ajili ya baridi.

Nilimpigia wimbo wangu wote, na ile sehemu ya juu nikairudia, kwa kuwa mara ya kwanza ilinikimbia. Nilipomaliza alikuwa amefumba macho. Akaniuliza wimbo ule unaitwaje. Nikamtajia. Akasema amewafundisha watoto wimbo huo kwa miaka thelathini. Akainuka, akahakikisha kwamba dirisha limefungwa kweli. Nilimwacha apambane na hisia zake.

Alinishauri nije Jumamosi na wanaoanza, nijifunze kushika pumzi na kuisikiliza noti kabla ya kuipiga. Nikamshukuru, nikamwambia kwanza cheti. Akaandika, akagonga muhuri. Nimekibandika hapa: "Nimemsikiliza mwenye barua hii. Ana mapafu yenye afya na tarumbeta iliyotunzwa vizuri."

Muhuri wa rangi ya zambarau! Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Kwa kujihakikishia tu nilimuuliza binti yangu, aliyekuwa akifanya hesabu zake mezani, kama baba yake ana kipaji. Ana miaka kumi na mitano na ni mkweli mpaka anaudhi. Alishusha kalamu. Akasema, "Baba, mimi nataka kufaulu mtihani tu, usinitafutie matatizo." Nikamwelewa. Hataki kuonekana anapendelea wazazi.

Alhamisi, 7 Novemba

Mama Mhariri amekisoma cheti akanirudishia kwa ncha za vidole. Amesema cheti hiki kinamfaa mtu anayeomba kazi ya kupiga mbizi. Nimeambulia patupu, na zimebaki saa ishirini na saba.

Mpango wa tatu, basi. Huu sikuupenda hata wakati naupanga, na naandika hivyo ili ijulikane kwamba dhamira yangu ilikuwapo, ingawa haikuulizwa.

Ofisi yetu haikubali mfano wa kubuni, isipokuwa ile ya kisandukuni. Kila mfano mwingine una kadi yake kwenye kabati la droo, mbele sentensi, nyuma maelezo ya nani kasema na wapi. Mfano bila kadi haupiti. Mfano wenye kadi hata mfalme haufuti. Kwa hiyo dawa ni kubadili kadi. Saa saba watu walipotoka kula, nikafungua droo ya U. Nikaipata mara moja, mwandiko wake ule wa kulala. Niliona maneno mpiga tarumbeta, damu ikanipanda, nikaitumbukiza mfuko wa koti bila kuipa heshima ya kuisoma zaidi. Mahali pake nikaweka yangu.

Kwenye yangu nilihitaji kazi nyingine badala ya mpiga tarumbeta. Nilifikiri sana. Mwalimu haiwezekani, walimu ndio wanunuzi. Daktari naye ipo siku atanishika. Nikachagua mpishi. Wapishi wako wengi mno, nani atajiona? "Mpishi wetu hana kipaji, lakini hupika kila jioni." Safi kabisa. Msemaji nikamwandika mama mkwe, mezani, nyumbani kwangu, na namba ya simu ya nyumbani. Maana Mama Mhariri ana desturi ya kumpigia msemaji kila kadi mpya ikiingia. Nikajua atapiga, mama mkwe hatasikia, watasumbuana, Mama Mhariri atachoka, atatia sahihi. Nilifurahi peke yangu mbele ya kabati. Ukurasani nikarekebisha kwa nyekundu, kila palipotajwa mpiga tarumbeta, nikaupeleka pamoja na kadi.

Saa tisa akapiga. Ukuta wetu ni mwembamba. Alianza kwa sauti ya kawaida. Akapandisha. Mwisho ghorofa nzima ikasikia, na nadhani na watu wa barabarani: "NASEMA, MPISHI WA NYUMBA HIYO HANA KIPAJI! NI WEWE ULIYESEMA?"

Mama mkwe wangu ni mtu wa adabu. Mgeni akimuuliza jambo asilolisikia, hamsumbui, humkubalia. Akasema ndiyo mwanangu, sana, kila siku, Mungu akubariki.

Kisha mke wangu akauliza ni nani, akapokea simu.

Nimerudi nyumbani saa kumi na moja. Meza imeandaliwa kama siku ya wageni. Sahani, vijiko, vitambaa, na katikati sufuria kubwa lenye mfuniko. Nilifunua. Tupu, limesuguliwa linang'aa. Mke wangu akaniambia, kwa upole uliotisha kuliko kelele, "Mpishi amekwenda likizo, Baba Watoto. Anatafuta kipaji." Nikauliza atarudi lini. Akasema inategemea kinauzwa wapi.

Haya ningeyavumilia. La mama mkwe ndilo lililonivunja. Mke wangu alikuwa amemgombeza, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mama analia, anaapa hakusema neno, anasema alidhani yule mama wa simu anamuuliza kama anashiba. Amefungasha mkoba wake wa nguo, anataka kwenda kwa mwanawe wa kiume kesho, asiwe mzigo. Mkoba umesimama mlangoni. Nilimtazama anavyokunja kitenge chake polepole, nikaona aibu. Naandika wazi: nimeona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilitaka kukiri. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikasikia nikisema huenda simu ziliingiliana.

Ijumaa, 8 Novemba

Siku mbaya. Niiandike haraka, niimalize.

Saa tatu Mama Mhariri aliita watunzi wote. Ukurasa wa 612 mezani, kadi yangu juu yake. Akasema msemaji amekubali, lakini aliyepokea simu baadaye amesema maneno ambayo hata kamusi kubwa haina. Zaidi ya hapo, mfano aliokuwa ameutia sahihi yeye ulikuwa wa tarumbeta, sasa mpishi katoka wapi? Bwana U akasema kadi yake haionekani. Hakuonekana kukasirika, alionekana tu kama mtu aliyepoteza kitu anachokipenda. Mama Mhariri akauliza nani anayo.

Nilitazama dari, nikahesabu vigae vyake. Jasho likaanza. Nikainama kulifuta kwa mkono wa koti, na kadi ikatoka mfukoni, ikadondoka juu ya meza mbele ya watu tisa.

Mama Mhariri akaniambia niisome kwa sauti. Nikasoma. Jirani yetu ni mpiga tarumbeta asiye na kipaji, lakini hupiga kila jioni. Nikaona sasa basi, yatoke. Nikasimama nikasema ndiyo, nimeichukua, na mtu yeyote mwenye haya angeichukua, kwa sababu anayesemwa hapa ni mimi, baba wa mtoto, na nimetukanwa na mtu niliyemwongezea chai!

Mama Mhariri akashusha miwani ya kichwani juu ya ile ya usoni. Akasema, "Geuza."

Nyuma kulikuwa na maandishi. Mimi ninayelipwa kusoma sikuigeuza. Yalisema: "Msemaji: mama wa mlango wa pili, mtaani kwangu. Alisema akiwa mlangoni kwangu, Jumapili. Anayesemwa: mimi mwenyewe." Na sahihi ya Bwana U.

Bwana U anapiga tarumbeta!

Nilikaa. Naye Bwana U, badala ya kunirukia, alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi, kisha akaeleza mbele ya wote. Kwamba tangu utotoni aliitamani tarumbeta, akaogopa watu. Kwamba mwezi wa sita alikuja kwangu kuleta kurasa akanikuta napiga, na alipotoka alikuwa mtu mwingine. Akasema, "Nilipokusikia, ndugu yangu, nikajiambia, kumbe mtu anaweza kuanza tu. Kumbe haina haja ya kujua." Wiki iliyofuata akanunua ya kwake. Jirani alipokuja kulalamika, maneno yake yalikuwa sahihi sana kisarufi, akaona haya kuyapoteza.

Wengine walikohoa. Bi V aliinamia chini ya meza kutafuta kitu kwa muda mrefu. Mimi nilichosikia ni kwamba nimemtia mtu moyo. Nimekihifadhi.

Hukumu: mfano wa tarumbeta umerudi, na ile miwili, na kisanduku. Kurasa zimeondoka saa sita kamili. Mama Mhariri amenyoosha mkono, nikampa kalamu nyekundu. Kwa majuma mawili sitasahihisha chochote, nitapanga kadi za kabati lote, A hadi Z. Kazi ninayo bado, amesema, kwa sababu ya zile kurasa nne tu.

Nilimpigia mke wangu simu nikakiri. Akasema mama yake ndiye wa kuambiwa, na nimwambie mpaka asikie. Nikarudi nyumbani mbio. Mkoba ulikuwa bado mlangoni, mwana wa kiume anakuja kumchukua saa kumi na mbili. Nikapiga magoti nikamwambia mama, nilikusingizia. Akasema na yeye hajambo. Nikapandisha sauti. Akasema chai atainywa baadaye. Nikapiga kelele kwa pumzi yangu yote, "MIMI NI MWONGO, MAMA! HUKUSEMA KITU! NIMEKUSINGIZIA MIMI!" Milango ikafunguliwa ngazi nzima. Watu wa ghorofa ya nne walishuka kusikiliza. Binti yangu alijifunika uso kwa daftari la hesabu. Mara ya tano mama akasikia. Akanishika kichwa. Akasema amenisamehe, kwa sababu mtu anayepiga vizuri vile hawezi kuwa na roho mbaya.

Nililia. Sioni aibu kuandika. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, kisha akainuka akawasha jiko. Nilisifu kila tonge. Kwenye la saba akaniambia nifunge mdomo nile.

Jumapili, 10 Novemba

Bwana U alinialika kwake na tarumbeta yangu. Nilikwenda kwa moyo mweupe, mchana, baada ya chakula.

Alitangulia yeye. Lo! Nimesikia vitu katika maisha yangu. Lakini ile? Noti zinatoka zimevunjika miguu. Wimbo aliouchagua sikuutambua, akaniambia ni ule ule wa kwangu. Na ajabu, hakuna mtu nyumbani mle aliyekuwa na huzuni. Watoto wake wadogo wawili waliandamana kuzunguka meza wakipiga mifuniko. Mke wake alikuwa akipasi huku anaimba kuufuatisha wimbo, akikosea makusudi ili alingane na mumewe. Bwana U mwenyewe mashavu yamevimba, macho yanacheka. Akishindwa mahali, anasimama, anacheka, anaendelea na pengine.

Akaniambia kwamba tangu siku ile jirani alipomwambia hana kipaji, amepumzika. Hana tena wa kumwonyesha kitu. Anapiga kwa sababu saa kumi na moja imefika na anapenda. Akanishika bega, akasema, "Jaribu, ndugu yangu. Jiambie tu mara moja kwamba huna. Utaona midomo inavyolegea."

Kwa dakika moja nilimwelewa. Kweli kabisa, nilimwelewa. Nilitazama wale watoto na mifuniko yao, nikasikia kitu kifuani kinafunguka, na nusura nijiambie.

Tukapiga pamoja. Katikati mlango ukagongwa. Alikuwa yule mama wa mlango wa pili, yule wa kwenye kadi, ana kitambaa kichwani na upawa mkononi. Akamwambia Bwana U kwamba yeye amemzoea, amekwisha kubali, lakini huyu mwingine ni nani, na ataondoka saa ngapi?

Bwana U alicheka akalazimika kushika ukuta. Nami nilimwekea mama yule mkono begani, nikamweleza kwa upole kwamba tukipiga wawili ni vigumu kwa mtu wa kawaida kutofautisha yupi ni yupi.

Nimerudi nikimwonea huruma Bwana U. Mtu mwema. Ila mfano ule umeandikwa sawasawa, hata mimi nisingeweza kuurekebisha.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimeamka nimekasirika, na sababu nimeipata nilipokuwa napiga mswaki.

Wanafunzi elfu arobaini watamjua Bwana U. Ana mifano mitatu! Ana kisanduku chenye kivuli! Kisanduku kimeandikwa na nani? Na mimi. Tarumbeta yake imetoka kwa nani? Kwangu. Mimi mwenyewe nimo wapi? Nimetafuta A hadi Z, simo. Wiki nzima nimehangaika kumtoa mtu mwingine kwenye kamusi, na kumbe mimi wala sikuwahi kuingizwa. Binti yangu atafungua kitabu kile darasani, na baba yake hayumo hata kwa kutukanwa!

Sasa naona mchezo wote. Upole ule, kicheko kile, kujisema vibaya kabla hujasemwa. Ni njama. Mtu hujiita hana kipaji, watu wanampenda, anachapishwa. Werevu ulioje! Nami nikakaa naangalia mifuniko.

Lakini kurasa za V zinakwenda kiwandani Ijumaa hii. Katika V lipo neno la fundi bingwa wa ala za muziki, mtu ambaye mkono wake umebarikiwa. Nimelisoma leo asubuhi. Mfano wake unamhusu mpiga piano. Mpiga piano gani? Nani kamwona? Kadi yake nimeigeuza, safari hii nimeigeuza. Aliyesema ni shangazi wa Bi V, tena sentensi yenyewe aliisema nusu.

Bi V hutoka kunywa chai saa nne na hufunga meza yake, lakini adhabu yangu ni kupanga kadi, kwa hiyo droo zote ziko wazi mbele yangu, kwa amri ya Mama Mhariri mwenyewe. Kalamu nyekundu walininyang'anya. Penseli hawakuitaja.